"Octopuses" au "octopi": mwanafunzi anyang'anywe maksi kwa wingi wa Kigiriki?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito. Binti yangu wa Kidato cha Pili amerudi na insha yake ya Kiingereza. Kaandika jinsi bibi yake anavyokwenda kuchokoa pweza wakati wa maji kupwa: anavyopita mwambani kwa mwambani na kijiti, anavyolitambua shimo kwa vipande vya kombe vilivyorundikwa mlangoni. Nimeisoma mara mbili. Mstari wa nne kaandika "two octopuses". Mwalimu kakata kwa wino mwekundu, juu yake kaandika "octopi", na maksi moja imekwenda.

Nasema mtoto alikuwa sahihi. "Octopus" ni neno la Kigiriki: "okto" ni nane, "pous" ni mguu. Wagiriki wenyewe wingi wake walisema "oktopodes". Hicho kiishio cha "-i" ni cha Kilatini, kinakaa kwenye maneno kama "alumnus", "alumni". Mtu aliona "-us" mwishoni akadhani yote ni ukoo mmoja. H. W. Fowler, mwandishi wa mwongozo maarufu wa matumizi ya Kiingereza, aliikataa "octopi" tangu 1926. Sasa kwa nini mtoto wa pwani aadhibiwe kwa kosa ambalo si lake?

Mchangiaji wa 1

Mkuu, nakuunga mkono nusu. Kumkata maksi ni uonevu. Ila na wewe usiiite "octopi" kosa. Fungua kamusi ya Merriam-Webster: "octopuses" ipo, na "octopi" ipo. Neno likishatumiwa na vizazi, asili yake haina tena mamlaka ya kulifukuza. Ungefuata asili kikweli, binti angeandika "octopodes", na hapo mwalimu angekata mstari mzima.

Mchangiaji wa 2

Mimi nafundisha Baiolojia, na huruma hii inanitia hofu. Ukishasema "weka -s, yatosha", nitaletewa "stomatas". Tena nimeshaletewa. Mwanafunzi anaangalia ngozi ya jani kwenye hadubini, anachora tundu moja na seli zake mbili za ulinzi, vizuri kabisa, halafu anaandika "stomata". Moja ni "stoma"! Mwingine anaandika "mitochondria", vile viungo vidogo vya seli vinavyotoa nishati, ilhali kachora "mitochondrion" moja. Kwangu hiyo si mapambo. Jina linaniambia kama anajua anachokitazama. Wingi wa Kigiriki ufundishwe, na ukikosewa ukatwe.

Mchangiaji wa 3

Tuanzie nyumbani jamani. Waarabu wanasema "kitab", wingi "kutub". Sisi tukasema kitabu, vitabu. "Muallim" wao tukamfanya mwalimu, na wakiwa wengi ni walimu. Hata malaika: kwa Kiarabu hilo neno ni la wingi, mmoja anaitwa "malak". Sisi tunasema malaika mmoja, malaika saba, na hakuna shehe wala mhariri anayetushika shati. Anayekopa neno hulivika sarufi ya kwake. Waingereza wenyewe "agenda" walilichukua likiwa la wingi kwa Kilatini, leo ni la umoja kwao, na "agendas" wanaandika. Kwa nini tumzomee anayeandika "this criteria", kwa kuwa tu umoja wake kwa Kigiriki ni "criterion"? Njia ni ile ile.

Mleta mada

Nashukuru, mmenisogeza. Wa kwanza, nakubali: neno "kosa" nalirudisha. Nabaki na hili tu, kwamba "octopuses" haikustahili wino mwekundu hata kidogo.

Wa tatu, mfano wa malaika nimeupenda, lakini ndio unaonizuia kufika uliko. Malaika kwetu limeshatulia. Hakuna Mswahili anayelibishania. "Criteria" bado halijatulia. Wengi wanaoandika Kiingereza kwa uangalifu bado wanatenga "criterion" moja na "criteria" nyingi, na "phenomenon" na "phenomena" vivyo hivyo. Binti akiandika "a criteria" kwenye barua ya kuomba kazi, atakayeumia ni yeye. Siwezi kumtanguliza mwanangu kwenye vita ambayo wenye lugha hawajaimaliza.

Mwalimu wa Baiolojia, hapo kwenye hadubini umenishinda. Lakini tazama Fizikia. "Electron" lilitungwa na George Johnstone Stoney mwaka 1891 kutokana na neno la Kigiriki la kaharabu, na mwisho wake ni "-on" kama "criterion". Wingi wake "electrons", basi. Nani aliwahi kuandika "electra" kwenye mtihani? "Stoma" inazaa "stomata", lakini "drama", yenye mwisho ule ule kwa Wagiriki, inazaa "dramas". Kwa hiyo huwezi kumwambia mtoto "likiwa la Kigiriki fanya hivi". Kundi pekee lililo karibu na kanuni ni la "-is": "crisis", "crises", "analysis", "analyses", "hypothesis", "hypotheses". Na hapo sababu naisikia mdomoni: jaribu kutamka "crisises" uone ulimi unavyojikwaa kwenye s tatu.

Mengine yote yanataka kamusi, neno kwa neno.

Mchangiaji wa 2

Sawa, kwa "electrons" sina jibu. Ila wanafunzi wangu kamusi hawana. Darasa la watu sitini lina kamusi mbili, na moja imechanika kuanzia S.

Mleta mada

Basi hapo ndipo penye shida yenyewe, mwalimu wangu, na si kwa wanafunzi peke yao. Yule aliyemkata binti yangu huenda naye hakuwa na pa kuangalia. Jumatatu nakwenda kumwona, sitakwenda kugombana. Nabeba insha na kamusi yangu, tuifungue wote wawili kwenye O. Kamusi nitamwachia.