Sentensi za SAT (mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani): kirai cha mwanzo na orodha zisizolingana

Swali: Wakuu, hii imekosewa wapi? "Walking to the station, the rain soaked Maria." Na kwenye orodha, nitajuaje kipi hakilingani?

Jibu 1: Mkuu, kirai kikianza sentensi kisha mkato ukafuata, jiulize: nani anatenda? Nomino inayokuja baada ya mkato lazima iwe ndiye huyo. Hapo mvua ndiyo inayotembea kwenda stesheni! Sahihi: "Walking to the station, Maria was soaked by the rain." Wengi huikimbia kauli ya kutendwa wakipoteza alama za bure. Mtego mkali zaidi ni "Maria's clothes were soaked": jina la Maria lipo, lakini kiima ni nguo, na nguo hazitembei.

Jibu 2: Kwenye orodha, tafuta "and" au "or", tazama umbo la neno linalofuata, kisha rudi nyuma. "Reading, swimming and to cook" inataka "cooking".

Jozi za viunganishi, kama "not only... but also", ndizo zinazosumbua hasa: kinachofuata kila upande lazima kilingane. "He not only speaks French but also Arabic": baada ya "not only" kuna kitenzi, baada ya "but also" kuna nomino. Sogeza kitenzi mbele: "He speaks not only French but also Arabic." "Either... or" nayo ni hivyo hivyo.

Muulizaji: Shukrani. Na "only" ikiwa peke yake?

Jibu 1: Iweke jirani na neno inalolibana: "She ate only two mangoes."