Je, takwimu chuo kikuu zianzie kwenye upatu na mafungu ya sokoni?

Wanafunzi wa elimu, uuguzi na sosholojia hulazimika kusoma takwimu, na wengi huingia darasani wakiwa tayari wanaliogopa somo. Wapo wanaotaka ufundishaji uanzie kwenye hesabu zilizomo katika utamaduni, mkondo uliopewa nguvu na Mbrazili Ubiratan D'Ambrosio. Wengine wanasema hayo ni mapambo tu. Karibuni tujadili.

Mkufunzi wa takwimu, ndaki ya elimu

Naunga mkono, kwa sharti moja: kitu hicho cha utamaduni chenyewe kitoe data. Chukueni mafungu ya nyanya. Kikundi kinanunua mafungu matano ya bei moja kwa muuzaji mmoja na kupima kila fungu. Tuseme yametoka gramu 520, 610, 580, 700 na 590. Wastani ni 600. Tofauti na wastani ni -80, 10, -20, 100 na -10. Kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha, unapata 17,000. Gawa kwa 4, yaani idadi ya mafungu kutoa moja, tafuta kipeuo cha pili: mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi mafungu yanavyotawanyika kuzunguka wastani, ni takriban gramu 65. Sasa mwanafunzi anaielewa ile fomula, kwa sababu gramu 65 hizo ndizo zinazomfanya mnunuzi apitishe macho meza nzima kabla ya kuchagua.

Zoezi huharibikia kwenye uchaguzi. Wanafunzi hubeba mafungu yaliyonona, na sampuli inakuwa imeegemea upande. Mafungu yapewe namba, kisha namba zipigiwe kura.

Mhadhiri wa hisabati tumizi

Zoezi zuri, ila kinachofundisha hapo ni data halisi, si utamaduni. Mwongozo wa kufundisha takwimu uitwao GAISE, wa Chama cha Takwimu cha Marekani, toleo la 2016, unahimiza data halisi yenye muktadha na kusudi. Sensa yetu ya Tanzania ya 2022 inatosha kabisa.

Na utamaduni ukiingizwa kwa nguvu, hisabati ndiyo inayoumia. Bao hutolewa kama mfano wa uwezekano. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hakuna dadu, hakuna kilichofichwa, bahati haimo. Linafaa kufundisha kuhesabu na kupanga hatua za mbele, basi. Tena darasa moja lina Msukuma, Mmakonde na Mhaya. Utamaduni wa nani?

Mkufunzi wa takwimu

Kwa bao sina ubishi nawe, mwalimu. Ndiyo maana naupendelea upatu, unaojulikana bara na pwani. Watu 12, kila mmoja anatoa shilingi 50,000 kwa mwezi, mpokeaji anapata 600,000, zamu hupangwa kwa kura. Waulize wanafunzi: anayechomoa karatasi ya kwanza ana nafasi kubwa zaidi ya kupata mwezi wa kwanza kuliko anayemfuata? Ni rahisi sana kujibu ndiyo. Lakini wa pili ana 11/12 × 1/11, yaani 1/12, sawasawa na wa kwanza. Sensa haikupi hili. Hapa mwanafunzi anafika na imani yake, na hesabu inagongana nayo.

Mtafiti wa elimu

Madarasa mawili hayawezi kuwaamua. Yanahitajika matatu: la mhadhara wa kawaida, la data za sensa, na la upatu na soko. La pili na la tatu yakilingana, hoja ya mhadhiri imesimama. Na kila njia ifundishwe na zaidi ya mwalimu mmoja, la sivyo tutapima mvuto wa mwalimu.

Halafu kuna kipimo. Hojaji ya SATS-36 ya Candace Schau, inayopima mtazamo wa mwanafunzi kuhusu takwimu, ina sentensi 36 zinazojibiwa kwa 1 hadi 7, katika vipengele sita: hisia, kujiamini kwamba unaliweza somo, thamani, ugumu, shauku na juhudi. Tafadhali msivijumlishe kuwa alama moja. Nyanya zinaweza kupandisha thamani na kuacha hofu palepale. Sentensi hasi zigeuzwe kwa kutoa alama kutoka 8, hivyo 2 inakuwa 6. Ukisahau, mwoga anasomeka jasiri. Kwenye ugumu, alama ya juu maana yake mwanafunzi analiona somo rahisi. Hapo ni pa kuangalia sana mnapoandika matokeo.

Hojaji ya mwisho ijazwe kabla matokeo ya mtihani hayajatoka, maana aliyefeli juzi atajibu kwa uchungu wa kufeli.

Mhadhiri wa hisabati tumizi

Madarasa matatu nayakubali. Naongeza swali la mtihani lisilo la sokoni: uzito wa watoto katika kliniki mbili zenye wastani mmoja na mikengeuko sanifu tofauti. Mwanafunzi aeleze muuguzi afanye nini na tofauti hiyo. Darasa la upatu likifanya vizuri hapo kuliko la sensa, nitabadili msimamo.

Mkufunzi wa takwimu

Sawa. Ila swali hilo wapewe wanafunzi wa madarasa yote matatu, na msahihishaji asijue karatasi imetoka darasa lipi.