Wauzaji wa nishani za Freikorps, acheni kutuuzia kwa jina la askari wetu wa Tanga!

Wakuu, leo nina hasira na sitaandika kwa upole.

Nimepigwa euro 260. Nishani yenyewe ni ya Freikorps, wanamgambo wa Kijerumani: tai mweusi wa chuma, chini yake kumeandikwa "Für Schlesien", yaani "Kwa ajili ya Silesia". Muuzaji ana duka huku Ujerumani na anajiita mtaalamu. Alipojua natokea Tanzania akanishika palepale panapouma: eti ilivaliwa na ofisa wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, aliyewaongoza askari wetu Tanga. Babu yangu mzaa mama ni mtu wa Tanga. Nikalipa siku ileile.

Nikaja kukaa na vitabu. Vita ya Tanga ilipiganwa Novemba 1914. Nishani hii, Tai wa Silesia, ilianzishwa Juni 1919 na Jenerali von Friedeburg, kamanda wa jeshi kule Breslau (leo Wrocław, Poland), kwa ajili ya waliolinda mpaka wa Silesia, jimbo la mashariki mwa Ujerumani ya wakati huo: miezi mitatu daraja la pili, miezi sita daraja la kwanza. Ofisa angevaaje Tanga kitu ambacho hakijazaliwa? Nikamuuliza muuzaji. Akajibu kwamba alipewa baadaye, aliporudi kwao. Sawa, inawezekana. Basi leta cheti cha kutunukiwa, leta hata jina la huyo ofisa. Hana. Tangu hapo hajibu ujumbe.

Na wiki hii katangaza Msalaba wa Baltiki kwa maneno yaleyale, "kumbukumbu ya Afrika Mashariki". Msalaba wa Baltiki! Huo ni wa waliopigana Latvia na jirani zake, walioingia Riga Mei 1919. Afrika Mashariki imefikaje huko?

Kwa wageni wa mambo haya: Freikorps ni vikosi vya wanamgambo wa kujitolea vilivyozuka Ujerumani baada ya kushindwa vita 1918. Serikali mpya, kupitia Noske, mtu wake wa mambo ya jeshi, iliwatumia kuzima uasi wa Berlin Januari 1919, na tarehe 15 ya mwezi huo viongozi wa wakomunisti, Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht, wakauawa mikononi mwa wanajeshi wa aina hiyo. Kisha Agosti katiba mpya ya Ujerumani, ile ya Weimar, kifungu cha 109, ikaikataza dola kutoa nishani. Makamanda wakaendelea kugawa nembo zao wenyewe, na mafundi binafsi wakazitengeneza kila mmoja kwa mtindo wake. Ndiyo maana uwanja huu ni pepo ya matapeli: ukisema hii haifanani na ile, wanakuambia "fundi tofauti".

Uhusiano na kwetu upo, ila hawausemi. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe Afrika Mashariki, alisalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) Novemba 1918, na Machi 1919 akapita Berlin akishangiliwa. Julai mwaka huohuo aliongoza vikosi kuingia Hamburg, kwenye mji wa watu wenye njaa waliokuwa wamefanya ghasia. Machi 1920 akaunga mkono mapinduzi ya Kapp, jaribio la kuipindua serikali ya Ujerumani, yakashindwa, akaondolewa jeshini. Huyo ndiye mtu ambaye jina lake linapandisha bei. Anayetaka kukusanya historia hiyo akusanye, mimi mwenyewe nakusanya, lakini auziwe ilivyo, na damu yake.

Kinachonichoma zaidi ni Bayume Mohamed Husen. Mtoto wa Dar es Salaam, alipigana upande wa Wajerumani akiwa bado mdogo, akaenda Berlin kudai mishahara ya marehemu baba yake na yake mwenyewe. Miaka ya 1930 akaomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele. Wakamnyima. Akafia kwenye kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Askari halisi alinyimwa kipande cha bati, halafu leo mtu anatumia jina la askari kuniuzia bati la wanamgambo wa Silesia!

Nimempelekea fundi wa vito. Ukingo una vitobo vidogo vya kumiminwa kwenye kalibu, wakati za zamani alizonionyesha zimegongwa kwa mhuri. Utepe nao, ukiumulika kwa taa ya urujuanimno, unang'aa kama shati jipya lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Nyuzi za 1919 haziwaki hivyo.

Kwa hiyo hata bati lenyewe ni feki.

Nimemwandikia barua rasmi nikitaka pesa yangu yote na gharama ya posta, nimempa siku 14. Zikipita naenda kwa chama cha kutetea wateja. Kama na wewe umeuziwa Tai, Msalaba au chochote cha Freikorps kwa maneno ya "Tanga" au "askari", weka hapa picha ya mbele, ya nyuma na ya pini, pamoja na maneno ya tangazo kama yalivyoandikwa. Nitayaambatanisha yote.