Milioni 23 za nyumba zimekwenda na lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha) sijaiona, nyie wa "fundi anajua" njooni hapa

Wakuu, ntaandika kwa hasira kwa hiyo mtaniwia radhi nikirukaruka, mana nimetoka saiti saa kumi na mbili jioni na viatu vyangu bado vina tope la kifusi nililolipia mwenyewe.

Naanza na nyie mnaotupia ramani za vyumba vitatu humu alafu mnaandika "hii kwa milioni 18 unahamia kabisa mkuu". Mungu anawaona. Hiyo milioni 18 ni ya kiwanja gani, kilichonyooka kama meza au cha kwangu? Kuna hata mmoja wenu alishawahi kumuuliza mtu kiwanja chake kimelalaje kabla ya kumtajia bei?

Mimi kikazi nipo Mwanza. Kiwanja kipo Dar, Kifuru, upande wa Kinyerezi, na anayepajua kule anajua vilima vyake. Fundi nimepewa na mjomba wa wife. Kijana mpole, kila ukimuuliza kitu "bosi usiwe na presha, hiyo ipo kichwani". Na kweli ilikuwa kichwani, mana karatasi sikuwahi kuiona. Nikamwambia nataka vyumba vitatu kimoja masta, sebule, daining, jiko, stoo na choo cha pablik. Akachora kwenye kava la daftari la mwanae, akapiga picha, akanitumia. Mimi msomi mzima nikajibu "safi sana fundi, anza". Nyumba yangu iliharibikia hapo hapo, jembe lilikuwa bado halijagusa ardhi.

Mana angalieni nilichofanya. Mtu mmoja nimempa achore, akadirie vifaa, anunue vifaa, ajenge, alafu ajikague na kunitumia ripoti. Hata daladala ina dereva na konda jamani. Mimi nimempa mtu mmoja usukani na hela za abiria.

Tuje kwenye msingi mana huko ndo pesa imezikwa. Fundi alisema tofali 2,500 zinatosha "kila kitu". Mteremko hakupima. Na kupima mteremko wala hakutaki mitambo, unachukua ule mpira wa maji unaoonyesha ndani, mnajaza maji, mmoja anashika kwenye kigingi cha kona ya juu mwingine kona ya chini, maji yakitulia mnaweka alama mnapima kwa futi, nusu saa mmemaliza. Nimepima juzi na dogo wa jirani: kona ya juu mpaka kona ya chini kuna mita 1.4. Mita moja na nusu kasoro wakuu! Sasa tofali la nchi sita ukililaza kwenye msingi, kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, pamoja na mota yake inakupa kama sentimita 16, kwa hiyo upande wa juu ukiwa na kozi tatu, upande wa chini unakwenda kozi kumi na mbili. Msingi peke yake umekula tofali 1,500 na ushee katika zile 2,500 za "kila kitu". Alafu ile nafasi yote ya ndani lazima ijazwe kifusi. Trip 18 za Fuso. Kumi na nane, kila moja nimeituma kwa simu na makato juu.

Ningejua mapema ningeigeuza nyumba ule upande mrefu ulale kwenye usawa mmoja badala ya kushuka na mteremko, au ningeipasua levo mbili, sebule ikae chini unashuka ngazi tatu. Msanifu angeniambia hilo siku ya kwanza. Nilimkimbia kwa sababu aliniambia laki nane za michoro, nikamuona mwizi. Laki nane!

Na hicho kifusi chenyewe sasa. Kimemwagwa chote siku mbili, kikasawazishwa juujuu kwa machepe, kesho yake likamwagwa jamvi, yaani zege la sakafu. Kifusi kinatakiwa kiende tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hadi 20 hivi, unamwagia maji, unashindilia mpaka kinagoma kushuka, ndo unaleta tabaka lingine. Jamvi nalo halikumwagiliwa hata siku moja, kisa maji tunanunua kwa boza na fundi "alikuwa anakubania matumizi bosi". Zege sio kanga ya kuanika ikauke, zege linahitaji maji ndo ligande, siku saba za kumwagilia ni kidogo kabisa na nguvu yake unaihesabu kwenye siku 28. Sasa hivi nina ufa unaoingia kidole cha mwisho, umetoka jikoni umekwenda mpaka mlango wa stoo, na kila nikija umesogea.

Nilijuaje mambo mengine? Jogoo. Fundi alikuwa ananitumia picha za simenti kila wiki, "bosi mzigo umeingia". Wife ndo akaniambia, baba watoto hebu angalia hii ya Jumanne na hii ya Ijumaa, kuna jogoo yuleyule kasimama juu ya mfuko uleule uliopasuka kona. Fundi kapiga picha rundo moja upande wa mbele, kazunguka kapiga upande wa nyuma. Nimelipa mifuko 40 mara mbili kwa sababu ya jogoo mmoja.

Nikaomba likizo nikaja. Cha kwanza nikachukua tofali moja, nikalinyanyua usawa wa kiuno, nikaliachia. Halikuvunjika wakuu, lilimwagika. Nikamkamata kibarua mmoja pembeni, nikampa ya soda, akaniambia mfuko mmoja wanatoa tofali 50 mpaka 55. Mtu anayefyatua kwa nyumba yake mwenyewe anatoa 30, akijibana sana 35. Alafu mchanga wenyewe ukiushika mkononi unaacha udongo kiganjani.

Nikahamia kwenye nondo. Nilinunuliwa mm 12. Kwa macho huwezi kujua, nikabeba moja nikaenda nayo kwa wale wanaonunua chuma chakavu wana mzani. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na kilo 10.6 hivi. Yangu ilikuwa 8.6. Hiyo hata mm 11 haifiki, na bei nimelipa ya mm 12, na ndo hizo zilikuwa ziende kwenye lenta juu ya vichwa vya watoto wangu. Mnakumbuka lile ghorofa la Kariakoo lililoshuka Novemba 2024? Sisemi nyumba ya chini ni sawa na ghorofa, najua mtakuja kunirekebisha, ila siku ile nimeshika ile nondo pale kwa muuza chuma chakavu niliwaza hicho tu.

Kuna mengine hayana wizi ndani yake, ni ujinga mtupu, wangu na wake. Vyumba vya watoto ni mita 2.7 kwa 3. Kwenye daftari vilionekana vikubwa tu. Kitanda cha futi sita kwa sita kinakula mita 1.8 na ushee kila upande, weka kabati, alafu fungua mlango uone unagonga nini. Wife siku ya kwanza kufika saiti alichukua majivu ya jiko la mama ntilie akachora kitanda chini, akachora kabati, akasimama katikati akaniuliza "sasa mimi natandika nikiwa wapi?" Sikuwa na jibu. Hilo la majivu na kamba lingefanyika kabla ya kuchimba msingi, tena bure, mnachora nyumba nzima chini saizi yake halisi, mnatembea ndani, mnabeba kiti mnaona kama kinakata kona ya koridoo. Koridoo yangu ina sentimita 90 kabla ya lipu, makochi yatapitia dirishani.

Masta nimeelekezwa magharibi, dirisha moja. Yaani jua la saa tisa mpaka magharibi lote linaishia kwenye mto wangu, na hilo joto la Dar mnalijua. Wazee wa pwani walikuwa wanauliza kwanza kusi inatoka wapi na kaskazi inatoka wapi ndo wanatoboa madirisha, chumba kina dirisha huku na huku upepo unapita. Siku hizi tunatoboa dirisha panapopendeza kwenye picha. Na mimi nilikuwa nataka lile paa la kujificha, nimeghairi, nataka bati litokee nje walau sentimita 60 likinge ukuta na jua na mvua ya masika.

Shimo la choo, jamani. Kachimba upande wa juu karibu na geti, "ili gari la kunyonya lisipate shida bosi". Gari halitapata shida, shida watapata mavi kupanda mlima. Bomba la nchi nne linataka kushuka sentimita 2 hadi 2 na nusu kwa kila mita moja, toka chooni mpaka shimoni, sasa lishuke vipi kuelekea juu? Nimelifukia. Wale mafundi wawili waliochimba walikuwa wanacheka chinichini nikawaacha wacheke, ningekuwa mimi ningecheka pia.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote sio hela. Nyumba hii nilikuwa namjengea mama ahamie kwetu, ana magoti, ngazi mbili tu anashika ukuta. Kwa ule msingi ulivyoinuka, mlango wa mbele kuanzia chini una ngazi nane. Nilimleta Jumapili aone "nyumba yake". Akaangalia zile tofali zilizopangwa za kukanyagia, akasema "mwanangu, mimi nitakaa hapa chini kwenye kivuli, nyie nendeni mkaone". Akakaa kwenye ndoo ya rangi. Sikumwambia kitu.

Kibali? Fundi alisema huku hawaji. Wamekuja. Kuna X nyekundu ukutani na neno SIMAMISHA, na hapo siwalaumu watu wa manispaa, wamenisaidia bila kujua.

Mjomba mtu nimempigia, anasema "mwanangu yule ni kijana wetu, mambo ya polisi hayafai, tukae tuongee". Tukae wapi mjomba, kwenye hilo jamvi lililopasuka?

Sasa kabla hamjaanza kuniita fala, nimeshajiita. Ninachowaambia wenye viwanja ambao hamjaanza: karatasi kwanza. Tafuta msanifu aliyesajiliwa aje AKANYAGE kiwanja, sio anayekuuzia ramani iliyochorwa kwa ajili ya mtu wa Chanika kwenye tambarare. Tafuta mkadiriaji akupe orodha ya vifaa hatua kwa hatua. Ukuta wa mita moja ya mraba unakula tofali kama 10 za nchi sita, kwa hiyo hata wewe mwenyewe na futi unaweza kumshtukia anayekudanganya. Hela ya vifaa isipite mkononi kwa fundi, lipa dukani moja kwa moja, awepo mtu wa kupokea anayehesabu mifuko na hana undugu na fundi. Na ufundi lipa kazi ikishaonekana, msingi, jamvi, boma, bakiza kitu mpaka mwisho.

EDIT: Naona mnauliza ya kung'oa msingi wote au kukarabati. Nimempata injinia kaja leo asubuhi, kanilipisha laki na nusu ya kuja kuangalia tu na sikubishana hata kidogo. Kasema kuta zilizopanda zishuke, tofali nyingi hazifai hata kurudiwa, jamvi livunjwe upande wa jikoni, kifusi kishindiliwe upya. Tukishavunja, masta inahamia upande wa mashariki, na upande wa juu wa kiwanja ardhi iko karibu sawa na jamvi, kwa hiyo mlango wa kuingilia tunauhamishia huko, mama anaingia bila ngazi hata moja. Dakika kumi kaliona hilo, katumia jicho tu na kile kipande changu cha mpira wa maji.

EDIT 2: Anayejua pa kukodi mashine ya kushindilia maeneo ya Kinyerezi, Segerea mpaka Tabata anitajie bei ya siku. Wanaonitumia meseji "mkuu mimi ni fundi mzuri" naombeni mniache kwanza.

EDIT 3: Fundi kapiga sasa hivi. Hajui kama nipo Dar. Anasema bosi kuta zimefika mahali pazuri, anaomba advansi ya kupaua.