Nimekatwa michango ya pensheni miaka 19, leo naulizwa "Mzee, kwani unataka kuishi mpaka lini?"

MzeeWaMinofu (mleta uzi)

Wakuu, naandika nimekaa juu ya jiwe hapa Igogo, Mwanza, mikono inatetemeka, nusu saa haijaisha tangu nitoke pale. Kiwanda mnakijua. Sikitaji. Ukipita ile barabara na dirisha la daladala liko wazi, pua yako itakitaja.

Leo nimeulizwa, mbele ya mabinti wawili wa masijala na kijana aliyeleta maji: "Mzee, kwani unataka kuishi mpaka lini?"

Mimi! Nimepasua sangara pale miaka 19. Sangara niliowatoa minofu kwa kisu changu, ukiwapanga kichwa kwa mkia wanafika Ukerewe na kurudi. Vidole viwili havikunjiki tena kwa sababu ya barafu. Na kila mwisho wa mwezi salari slipu inaandika: hifadhi ya jamii asilimia 10, bima ya afya asilimia 3. Wamewahi kusahau ovataimu. Wamewahi kusahau gambuti, nikafanya kazi na kandambili. Kukata hawajasahau hata mwezi mmoja.

Jumatatu nimekwenda mfuko wa hifadhi ya jamii kuulizia, maana nimebakiza miezi minne nifike 60. Dada wa dirishani akanichapishia taarifa ya michango. Miezi 61. Nikamwambia, binti yangu, hebu rudia, hii ya mtu mwingine. Akarudia. Miezi 61. Mimi nimekatwa miezi 228! Na pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180.

Ndipo leo nikaibeba karatasi kwa yule bwana wa utumishi. Alikuwa na kijiti cha meno mdomoni. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia, akasema yale maneno. Kijiti hakukitoa. Wakuu, mtu anakuuliza utakufa lini na kijiti kiko mdomoni!

Sheria inampa mwajiri mwezi mmoja tu baada ya mwezi wa mshahara awe ameshapeleka michango. Wao wamekalia hela yangu karibu miaka 14. Wakaguzi nimewaona kwa macho yangu. Wanavalishwa koti jeupe na gambuti mpya, wanapima joto la samaki, wanapima barafu, wanaangalia kucha zetu. Samaki wa kwenda Ulaya ana watu watano wa kumlinda. Slipu yangu ilikaguliwa na nani?

Hata bima. Februari nilimpeleka mama watoto hospitali, kadi ikasoma imefungwa. Nikadhani mtandao, nikauza mbuzi wawili nikalipa taslimu. Kumbe asilimia 3 nayo ilikuwa inaliwa.

Mama yangu yuko Magu, ana miaka 88 na bado anapalilia mihogo. Nataka kuishi mpaka pale. Nimejibu?

Jiwe la Bismarck

Pole mkuu. Lakini miaka 19 yote hujawahi kwenda kuulizia? Hata kuku huwa anageuka kuangalia mayai yake.

MzeeWaMinofu

Niliulizia 2012, wakasema mashine imezimika. Zamu yangu inaanza saa 11 alfajiri inaisha saa 11 jioni, ofisi ipi inanisubiri? Na wewe acha kuku wako. Mtu ameniuliza nitakufa lini.

BintiWaMwaloni

Mwenye kijiti! Simjui? Mimi nilikaa pale miaka mitatu, mfuko unasoma miezi minne. Nilipomfuata akaniambia "wewe si utaolewa, pensheni ya nini?" Mpaka leo sijaolewa na pensheni sina.

Kandambili

Sangara mpaka Ukerewe na kurudi 😂😂 mzee umepasua samaki au umejenga daraja?

WakiliWaKijiweni

Tuache utani kidogo. Mzee, kusanya slipu zote, rudi mfuko, andika malalamiko, wagongee muhuri nakala yako. Mfuko ndio wenye meno ya kumdai mwajiri na kumburuza mahakamani, na kuchelewa kuna adhabu juu ya deni. Ukitaka na CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, nenda sasa hivi, kule siku zinahesabiwa: kuachishwa kazi siku 30, madai mengine siku 60. Msimamizi wa mifuko tuliyekuwa naye, SSRA, wa sheria ya 2008, alishafutwa, kazi ikahamia Ofisi ya Waziri Mkuu. Barua yako nakala moja ipeleke na huko.

MzeeWaMinofu

Asante mwanangu. Slipu ninazo kwenye mfuko wa rambo, za miaka miwili zililoa mvua lakini zinasomeka. Nitazipeleka zote, na nitamwandikia Waziri Mkuu na habari ya kijiti.

Mwalimu wa Misungwi

Mleta uzi angalau adui yako ana kijiti unamwona. Sisi watumishi michango inafika yote, halafu kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, ndicho kinatumaliza. Mifuko ikaunganishwa 2018, wakaja na mkupuo, yaani hela unayopewa kwa mara moja ukistaafu, wa asilimia 25, Rais Magufuli akausimamisha Desemba ileile. Julai 2022 ikawa 33. 2024 tukaongezewa ikawa 40, sisi tuliozoea 50. Nyumba yangu imeishia kwenye lenta.

Jiwe la Bismarck

Mwalimu, huo ni uzi wako, kafungue kwako.

Mwalimu wa Misungwi

Uzi wa mafao ni wa mafao. Na 33 ilikuwa ya wote.

Kandambili

Wa NSSF, mfuko wa sekta binafsi, si waliwekwa 35?

Mwalimu wa Misungwi

Waliokuwa wanapata 25, ndiyo. Wana nafuu.

MzeeWaMinofu

Nafuu gani mwalimu, mimi nina miezi 61! Asilimia ya nini?

NgoshaWaKambini

Nyie mnalia mmekatwa. Sisi huku kambi ya dagaa hatukatwi, hatuna kadi, hatuna slipu. Wiki iliyopita mvuvi kavunjika mguu, tajiri wa mtumbwi kampa elfu 10 na kilo mbili za dagaa.

BintiWaMwaloni

Dagaa wenyewe siku hizi bei haishikiki, kilo mbili sio haba.

NgoshaWaKambini

Dada, mguu umevunjika!

Kandambili

Kwani dagaa Kirumba leo debe shilingi ngapi?

BintiWaMwaloni

Wakavu au wabichi?

Mwalimu wa Misungwi

Wa kukaanga weka bei hapa, nakuja Jumamosi.

MgeniWaBuhongwa

Samahani nimechelewa, nimesoma juu juu. Mzee, ukitoka mwezi wa nne nafasi yako watatangaza? Nina mdogo wangu anajua kushika kisu.