Kutafuta ukoo: nianzie kwa wazee, misheni, Nyaraka Upanga au nipime DNA?

mwana_ngamiani
Asalaam aleykum wadau, shikamooni wakubwa. Mi nipo Tanga hapa Ngamiani, nna likizo ya wiki tatu na vihela kidogo, nataka nifuatilie ukoo wa upande wa baba. Nnachokijua hakijai kiganja. Babu kafariki 1994, baba yake aliitwa Farijala na alifanya kazi mashamba ya katani njia ya Muheza, bibi alikuwa akisema "huyo alikuja na namba", yaani manamba, kibarua wa mkataba. Shangazi hataki kabisa kulisikia hilo, yeye kwake sisi Washirazi, watu wa asili ya Uajemi, basi. Babu kaacha kopo la biskuti ndani mna kadi ya kipande, ile ya kuhesabia siku za kazi shambani, imechanika pembeni, vile vijumba 30 vya siku vimetiwa alama mpaka cha 22 halafu vinane vyote vitupu. Nimekua naiangalia hiyo kadi, najiuliza siku ya 23 kulitokea nini.

Sasa njia nnazoziona ni hizi: kuna kikundi cha historia ya koo kinakutana hapa mjini, kuna vitabu vya misheni, kuna Nyaraka za Taifa kule Upanga Dar, na kuna hivi vipimo vya mate vya DNA. Vyote siviwezi. Nianze na kipi?

Bint_Makorora
Waaleykum salaam mdogo wangu. Mi nipo kwenye hicho kikundi kwahiyo utanisamehe nikivutia kwangu. Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, hatutozi kitu zaidi ya mchango wa chai. Kazi zetu kubwa tatu, tunawarekodi wazee kwa simu, tunaandika makaburi, na tuna maalim wawili wanatusomea karatasi za zamani zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, maana watu wana wasia na hati za mashamba za babu zao wamezifungia kwenye masanduku hawajui zinasema nini. Makaburi nikwambie ukweli yanachosha, mengi hayana maandishi, unakuta jiwe tu kichwani na miguuni, inabidi uende na mzee akuoneshe huyu fulani huyu fulani.

Ila nnachotaka kukuambia hasa ni namna ya kumuuliza shangazi. Usimuulize "asili yetu wapi". Atafunga mlango na hutoufungua tena. Muulize msiba wa babu, nani walifanya utani pale? Nani walizuia jeneza wakadai walipwe ndo waachie? Muulize mwiko wa nyumba yenu, nyama gani hamli, mtoto akizaliwa jina linarithiwa kwa nani. Mama mmoja alikuja kwetu anaapa hana kabila lolote zaidi ya Uswahili, tulipofika kwenye watani akataja mwenyewe, akanyamaza, akaanza kulia. Utani haudanganyi kirahisi, mtu anaweza kubadili jina, lakini watani kwenye matanga wanakuja tu.

mdau_wa_Dunda
Mi wa Bagamoyo. Kwa upande wangu misheni ndo ilinipa kila kitu, ila sidhani kama itakupa wewe, ngoja nieleze. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868 wakawa wanawakomboa watumwa, wengi watoto, wakaanzisha kijiji cha Uhuru pale pale misheni. Bibi mzaa bibi yangu alikuwa mmoja wao. Nilipofunguliwa kitabu cha ubatizo nikakuta mstari wake, Kilatini, wino umekuwa rangi ya chai, kuna tarehe, kuna jina jipya la Kikristo, kuna msimamizi, halafu pale pa wazazi hamna kitu. Nilikaa na ule mstari muda mrefu. Nimempata na hapo hapo nimempoteza, maana jina alilopewa na mama yake halimo.

Kwahiyo misheni ni nzuri sana kama ukoo wenu ulipita kanisani. Wabondei wa huko kwenu waende Magila Muheza, ile ilikuwa ya UMCA, misheni ya Waanglikana wa Uingereza, na nyaraka zao nyingi za makao makuu zipo Oxford maktaba ya Bodleian. Lakini Farijala mwislamu humkuti kwenye ubatizo.

Na hili naliandika kwa heshima, mwana_ngamiani, usinielewe vibaya. Majina kama Farijala, Mabruki, Feruzi, yalitolewa sana kwa watu waliokuwa watumwa huku pwani. Jina peke yake si ushahidi, hata waungwana walijiita. Lakini Mjerumani alikuwa akiwapa watu hati za uhuru, na aliamuru watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 wawe huru, utumwa wenyewe ukafutwa kwa sheria 1922 chini ya Mwingereza. Mtu wa umri wa Farijala aliyaona yote hayo. Inawezekana shangazi yako anajua kitu na anakilinda. Akinyamaza mstahi.

kijana_wa_Pongwe
Mbona rahisi, manamba wote waliandikwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya katani ya kuajiri vibarua, nenda Upanga waambie wakupe madaftari ya SILABU utafute jina.

Karani_mstaafu
@kijana_wa_Pongwe hapana mwanangu, utampotezea mwenzio nauli. SILABU ilianza 1944. Babu wa huyu alishazaliwa zamani na baba yake alishafika Tanga, kabla ya hapo watu waliletwa na mawakala au walitembea wenyewe kwa miguu kutoka bara, mkonge uliingia nchini 1893 na reli ya Tanga ilianza mwaka huo huo, kwahiyo kuna miaka hamsini ya watu kabla ya SILABU.

Mimi nimefanya kazi na mafaili maisha yangu yote, na Upanga nimekaa sana baada ya kustaafu. Yaliyopo ni mengi, kuna mafaili ya Kijerumani, kuna ya Mwingereza, kuna yale mabuku ya wilaya ambayo mabwana shauri, wakuu wa wilaya wa Kiingereza, walikuwa wakiandika historia za koo, nasaba za majumbe, mipaka. Ukiwa wa ukoo wa majumbe utafurahi. Mtu wa kawaida anatokea kwenye karatasi pale tu alipogombana na serikali au alipokuwa na ardhi: kesi, kodi, shamba. Hivyo kama hujui kijiji, hujui shamba, hujui hata miaka kwa kukisia, utakaa wiki nzima unafunua mafaili na utatoka na mafua ya vumbi. Na ya Kijerumani yaliyoandikwa kwa mkono ni khati ya kizamani, hata Wajerumani wa leo wengi hawaisomi. Beba barua ya utambulisho na penseli. Mimi kuna ofisi moja ya wilaya nilirudishwa mara tatu kwa kukosa muhuri, mara ya nne kabati lenyewe lilikuwa limehamishwa.

Intaneti msiidharau. Hifadhi ya Ujerumani kule Berlin imeweka mtandaoni mafaili mengi ya wizara ya makoloni, bure. Na gazeti la Kiongozi lililokuwa likichapwa hapa hapa Tanga na shule ya serikali enzi za Mjerumani lina barua za walimu na habari za miji, majina ya watu wa kawaida yamo kuliko kwenye faili lolote.

Msegeju_asili
Mi nilipima DNA, ngoja niseme nilichopata. Kilikuja na ramani nzuri yenye rangi na asilimia, nikaionesha nyumbani wote wakashangaa. Halafu ndugu walioorodheshwa, karibu wote wako Marekani na Uarabuni, hamna hata mmoja wa Tanga, maana watu wetu hawajapima. Kitu kimoja tu kinaweza kukusaidia, kromosomu Y inatoka baba kwa mwana wa kiume bila kukatika, kwahiyo ya kwako ndo ya Farijala. Lakini itakuambia mstari huo ni wa upande gani wa dunia, haitokuambia kijiji.

Na kuhusu Ushirazi, kuna utafiti ulitoka 2023, walichukua mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, Kilwa, Songo Mnara, Mtwapa, Manda. Walikuta kwa wengi upande wa akina mama ni Waafrika, na kwa akina baba kuna damu ya Uajemi, mchanganyiko ulioanza kama miaka elfu iliyopita. Kwahiyo wazee waliosema Shirazi hawakuwa waongo. Ila hao ni watu wa kale, hautoi jibu la nyumba yako wewe. Hela yako mi ningeiweka kwenye nauli.

mwana_ngamiani
Wakuu nimerudi. Jana nilimpelekea shangazi mkate wa kumimina, tukakaa barazani, sikugusa habari ya asili, nikauliza msiba wa babu ulikuwaje. Akacheka peke yake! Akasema kuna wazee wa Kizigua walikalia kaburi lililokwisha chimbwa, wakasema "mpagazi huyu hazikwi bure, bado anadaiwa mzigo", hawakutoka mpaka walipopewa kuku na pesa. Nikamuuliza kwanini mpagazi, akaangalia pembeni, akasema "baba yake alitembea kutoka Tabora". Halafu akaingia ndani kuniletea chai. Sijamuongeza swali.

Bint_Makorora
Alhamdulillah!! Umefanya vizuri kunyamaza. Wazigua na watu wa misafara utani wao unajulikana, ila wana watani wengi, usikate kauli bado. Jumamosi njoo, kuna mzee wetu wa Kinyamwezi Makorora, ukoo wao ulikuja hivyo hivyo, atajua wa kumuuliza.

mwana_ngamiani
Nakuja inshallah, na kopo langu. Kuna jamaa wa steshenari kaniambia niitie kadi plastiki isiendelee kuchanika, nifanye?

Karani_mstaafu
Usithubutu! Ule moto na gundi havitoki tena, utaiua. Ipige picha mbele na nyuma kwenye mwanga wa asubuhi, iweke katikati ya karatasi nyeupe safi, ndani ya bahasha, sehemu kavu. Na angalia nyuma yake vizuri kwa pembeni, mara nyingi namba ya mtu na jina la shamba viliandikwa kwa penseli, vimefifia tu.

mwana_ngamiani
Nimeangalia sasa hivi kwa tochi ya simu. Kuna namba. 417, na herufi mbili sizisomi. Nakuja nayo Jumamosi.