Mnampaje mtoto wa miaka 7 baga mbichi, halafu mnaniambia Marekani ndivyo wanavyokula?

Wakuu, habari za Jumapili. Hili jambo limeninyima usingizi tangu jana usiku, nimeona nililete hapa.

Kuna sehemu ya baga huku Nyakato, Mwanza, unaiacha barabara ya Musoma unaingia ndani kidogo. Jina silitaji, na sababu nitaisema. Ni meza za plastiki chini ya turubai, ndoo ya maji ya bomba na sabuni pale mlangoni, kachumbari unajiongezea mwenyewe. Baga na chipsi elfu 7, ya mtoto elfu 4. Sisi tuko watano nyumbani. Ukiwa na elfu 35 mmekula, mmekunywa soda, na nauli ya bajaji imebaki. Ndiyo maana miaka minne yote tumekuwa watu wa pale pale.

Na zamani walikuwa wanapika! Mama mwenye biashara alikuwa anasimama kikaangoni yeye mwenyewe, kitambaa kichwani, hageuzi nyama mpaka aridhike nayo. Ukimharakisha anakwambia subiri, mwanangu, njaa haiui kwa dakika kumi. Tangu miezi kama mitatu iliyopita haonekani pale. Amemwachia msimamizi.

Jana binti yangu mdogo katimiza miaka 7. Nilimuuliza anataka keki au nini, akasema anataka baga ya kule. Mchana aligoma kula ili aende na njaa. Kavaa gauni la Idi, tukaenda.

Baga yake ikaja, pembeni imeungua nyeusi kabisa. Kang'ata mara moja tu, kisha akanisogezea sahani: "Baba, mbona inatoa damu?"

Nikaifungua. Katikati nyama ilikuwa nyekundu na laini vile vile ilivyotoka kwenye mashine ya kusagia. Nikaweka kidole. Ilikuwa ya baridi. Yaani imetolewa kwenye friza ikiwa jiwe, ikatupwa moja kwa moja kwenye chuma kinachowaka. Nje ikaungua, ndani barafu ndiyo kwanza inayeyuka.

Nikamwita dada anayehudumia, akamwita msimamizi. Kijana akaja, akaitazama, wala hakushtuka. "Hiyo ni midiamu, imeiva kiasi, baba. Marekani ndivyo wanavyokula."

Wakuu, nimepika jikoni hotelini miaka 11 kabla sijaacha kazi hiyo. Kama angesema samahani, tumekosea, nisingefungua uzi huu. Kila mpishi ameshawahi kutoa nyama mbichi siku moja. Kilichonichemsha ni kutetea sumu mbele ya mtoto kwa maneno ya kuokota.

Sikilizeni, hasa nyie mnaofungua vibanda vya baga kila kona ya Mwanza sasa hivi. Steki ni kipande kizima. Vijidudu vinavyotoka kwenye ngozi na utumbo wa ng'ombe wakati wa kuchinja vinakaa juu ya nyama. Ukiichoma vizuri pande zote vinakufa, ndiyo maana mtu anaweza kula steki yenye wekundu ndani asidhurike. Nyama ya kusaga ni habari nyingine kabisa. Ukishasaga, kilichokuwa juu kinaingia katikati. Na kwenye mashine ile mara nyingi hakiingii kipande cha ng'ombe mmoja, ni vipande vya ng'ombe kadhaa vimechanganywa, kwa hiyo mmoja mchafu anachafua beseni zima. Nyama ya kusaga inaivishwa mpaka katikati, nyuzi 71 za selsiasi, iwe ya mtu mzima au ya mtoto.

Na hiyo Marekani aliyonitajia ndiyo iliyolipia somo hili kwa maiti za watoto. Mwaka 1982 baga zisizoiva ziliugulisha watu katika majimbo mawili, ndipo wataalamu wao wakaitambua aina hatari ya bakteria wa E. coli inayoharisha damu na inayoweza kuua figo, za watoto wadogo hasa. Mwaka 1993 ikarudi, baga tena, watu zaidi ya 700 wakaugua na watoto wanne wakafa. Hiyo nyuzi 71 niliyoitaja ni serikali yao yenyewe inayowaambia wananchi wake. Sasa wewe umeitoa wapi midiamu ya baga, na kumpa mtoto?

Nikamweleza msimamizi yote hayo, kwa upole kabisa maana watoto walikuwa wanasikiliza. Akachukua sahani akaondoka nayo. Baada ya dakika tano dada akairudisha.

Ilikuwa baga ile ile. Alama ya meno ya binti yangu ipo pale pale, na katikati ya alama kinundu kidogo cha nyama kimebaki, pale penye pengo lake la mbele. Waliirudisha nyama kwenye chuma, wakaifunika na mkate ule ule uliokwisha kunyonya maji ya nyama mbichi, na kachumbari ile ile juu. Mtoto akaiangalia, akasema, "Baba, nimeshiba." Hakuwa amekula kitu tangu asubuhi. Mama yake akageukia pembeni akafuta macho.

Bili ikaja elfu 31, haijapungua hata shilingi. Nililipa. Nikaomba risiti nikaambiwa mashine haina chaji. Hilo nalo liwekwe kwenye kumbukumbu, maana TRA, watu wa kodi, kila siku wanatuimbia ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nimedai.

Sasa kwa nini sitaji jina. Wakati tunatoka nilipita kikaangoni. Yule kijana anayechoma hana hata miaka 20. Alikuwa anaikandamiza nyama kwa mwiko mpaka maji yote yanatoka, akidhani ndiyo inaiva haraka. Nikamwambia aitoe kwenye friza tangu jana yake, iyeyukie ndani ya friji, siyo mezani juani. Aitengeneze nyembamba, abonyeze kidogo katikati kwa kidole gumba, apunguze moto, na aikate moja aitazame kabla hajazitoa nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante mzee, hakuna mtu aliyenionyesha." Msimamizi akamfokea arudi kazini. Yule kijana na yule dada wakikosa kazi kesho kwa sababu ya uzi wangu, nitakuwa nimewaumiza wasiohusika.

Mama, kama kuna anayekujua akufikishie hili: rudi kikaangoni kwako hata wiki mbili tu, uwafundishe hawa watoto. Na yule msimamizi usimwache pale.

Kesho asubuhi nakwenda ofisi ya kata kumwona bwana afya. Sahani niliipiga picha, alama ya meno inaonekana. Atakachoniambia nitakileta hapa hapa. Na kama kuna mwingine aliyepewa nyama ya baridi huku Nyakato au Buzuruga, aseme.